Nusu kilo ya nyama, pilipili hoho kumi

Katika soko la mjini kwetu Singida, pilipili hoho hupangwa mafungu juu ya magunia, kandokando ya vitunguu vyekundu ambavyo mkoa huu unajulikana navyo nchi nzima. Wanunuzi wengi huchukua moja au mbili za kukatia katika mchuzi au kachumbari, wakaondoka. Anayenunua kumi kwa mara moja huulizwa kama ana shughuli nyumbani. Nami nimeulizwa hivyo mara nyingi, na jibu langu ni lile lile: sina shughuli, nina watu kumi.

Watu hao kumi ni mume wangu, mimi, mama mkwe wangu, watoto wetu watano, shemeji yangu anayesoma sekondari, na binti wa marehemu kaka yangu, aliyekuja kwetu akiwa na umri wa miaka sita. Nyama tunaila mara moja kwa juma, aghalabu siku ya Ijumaa, na ninachomudu kununua ni nusu kilo. Nusu kilo kwa watu kumi ni gramu 50 kwa kila mmoja, tena kabla moto haujaipunguza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiikata vipande vidogo, nikaipika mchuzi, kisha nikaupakua pamoja na wali katika sinia mbili: moja ya wanaume na wavulana wakubwa, na ya pili yetu sisi wanawake na wadogo. Aliyekulia kwenye sinia anajua kinachofuata. Mwenye mkono mwepesi hupata vipande vitatu, mwenye kuchelewa kunawa hupata kimoja, na mtoto mwenye haya hupata wali uliobadilika rangi kwa mchuzi.

Binti wa kaka yangu alikuwa hagusi nyama kabisa. Nilipomuuliza alisema haipendi. Nilimsadiki, tena nikamsifu mbele ya majirani kwamba mtoto huyu hana tamaa. Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwaka mmoja, na ninaiandika hapa kwa kuwa nadhani si mimi peke yangu niliyepata kuona wepesi katika kumsadiki mtoto wa namna hiyo.

Pilipili hoho za kujaza nilifundishwa na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kukaa Maskati miaka kadhaa. Yeye aliziita mahshi, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kilichojazwa, na alinieleza kwamba kule hujazwa pia biringanya, kitunguu na majani ya mzabibu. Nilizipika mara ya kwanza kwa sababu moja tu: nilikuwa na hoho nyingi ambazo zingeharibika. Nikaziweka kumi, kila moja katika kisahani chake, nikagawa. Binti yule alikiangalia kisahani kwa muda. Kisha akauliza, "Shangazi, hii yote ni yangu?" Nikamjibu kuwa ni yake. Alikula kifuniko, akala nyama, akala ganda lote mpaka kitako, akamaliza kwa kupangusa kisahani kwa kidole. Wala hakusema tena kwamba nyama haipendi.

Usiku ule sikulala mapema. Lakini hilo ni baina yangu na Mola wangu. Niliyoyaahidi katika kichwa cha habari ni mapishi, nami nitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa chakula hiki kikiharibika huharibika kwa mambo madogo.

Kwanza jina. Huku bara tukisema pilipili hoho tunakusudia ile kubwa isiyowasha. Lakini kamusi za zamani zimelitumia jina hilo hilo kwa pilipili kali, na ndugu zetu wengi wa Zanzibar huiita hii tamu pilipili boga. Kwa hiyo ukipewa maelekezo na mtu wa pwani, hakikisha mnazungumzia kitu kimoja kabla hujatuma mtoto sokoni. Kwa asili, zote mbili ni za jamii moja. Mmea huu ulitoka Marekani ya Kati na ya Kusini, na haukujulikana katika nchi za Waarabu, Bara Hindi wala Afrika mpaka baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Kitabu cha mapishi alichokiandika Muhammad al-Baghdadi mjini Baghdad mwaka 1226 hakina hoho wala nyanya, maana wakati huo hakuna mtu wa Baghdad aliyekuwa amewahi kuviona. Desturi ya kujaza mboga ni kongwe kuliko hoho. Hoho ilikuja baadaye ikakuta nafasi yake imeshaandaliwa. Waturuki huita vyakula hivi dolma, neno lenye maana hiyo hiyo ya kujazwa.

Hoho haiwashi kwa kuwa imekosa ile kemikali iwashayo iliyomo katika pilipili kali. Na ile ya kijani, ya manjano na nyekundu si lazima ziwe aina tofauti: nyingi ya hizo nyekundu zilikuwa za kijani, zikaachwa mtini wiki kadhaa zaidi mpaka zikaiva. Ndiyo maana nyekundu ni tamu kuliko ya kijani, na ndiyo maana bei yake iko juu, kwa sababu mkulima amebeba hasara ya kungoja. Kwa kujaza, ya kijani inafaa sana, kwani ganda lake ni gumu kidogo na halinyauki upesi. Nyekundu hulainika haraka, nami huiweka katikati ya sufuria, ikiegemea wenzake.

Sokoni utasikia watu wakisema hoho yenye matuta matatu chini ni dume na yenye manne ni jike, na kwamba jike ni tamu zaidi. Si kweli, tunda halina dume wala jike, na matuta yale ni idadi tu ya vyumba vya ndani. Hata hivyo mimi huzihesabu. Yenye manne husimama yenyewe ndani ya sufuria, na yenye matatu huinama ikamwaga kilichomo. Basi chagua zenye kitako kipana, zilizolingana ukubwa, ngumu ukizibonyeza, na zenye kikonyo kibichi. Kikonyo kilichokauka na kuwa cheusi ni dalili kwamba imekaa siku nyingi tangu ivunwe.

Osha hoho zako kumi, kisha kata sehemu ya juu kwa mviringo, upana wa kidole kimoja chini ya kikonyo. Usikitupe kipande hicho, ndicho kifuniko. Ingiza vidole utoe moyo wenye mbegu, halafu kwa kisu kidogo ondoa ule utando mweupe ulioshikamana na kuta, kwa kuwa una uchungu. Kuwa mwangalifu usitoboe kitako. Ukiona kitako hakikai sawa, kwangua kidogo tu kwa nje ili kisimame, bila kufika ndani.

Sasa chemsha maji yenye chumvi kidogo, uzitumbukize hoho kwa dakika 2 au 3, pamoja na vifuniko. Zitoe, uziinamishe juu ya ungo zichuruzike. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka mara ya pili nilipopika, siku tuliyokuwa na wageni wa futari. Nyama iliiva na wali ukaiva, lakini ganda lilibaki bichi, likawa linalia menoni kama mtu anayetafuna tango. Wageni walikula kilichomo ndani wakaacha maganda yamepangwa pembeni ya sahani kwa adabu kubwa. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimefanya na kosa la pili: nilitumia wali ulioiva kabisa, nikaushindilia kwa mwiko mpaka juu. Wali ulipopata mvuke ukavimba, hoho nne zikapasuka ubavuni, na rojo likageuka uji. Mume wangu, Allah amlipe, aliwaambia wageni kwamba ndivyo vinavyopikwa.

Maji uliyochemshia hoho usiyamwage. Hoho mbichi ina vitamini C nyingi kuliko chungwa: gramu 100 za hoho ya kijani zina takriban miligramu 80, na nyekundu hufika kama 128, ilhali chungwa lina kama 53. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yamependekeza mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Vitamini hiyo hupungua kwa moto na huyeyuka katika maji, basi sehemu yake imebaki humo sufuriani, nasi tutaitumia katika rojo. Inafaa pia kujua kwamba vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo katika nafaka, kunde na mboga za majani, jambo lenye uzito kwa akina mama wajawazito na mabinti waliobaleghe.

Mtu aliyeipatia hoho sifa hiyo duniani alikuwa mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliyefanya kazi katika mji wa Szeged, mji maarufu kwa kilimo cha pilipili. Alikuwa akihangaika kupata vitamini hiyo kwa wingi wa kutosha kuichunguza. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, jioni moja mkewe alimwandalia pilipili hizo mbichi, naye hakuwa na hamu ya kuzila, akapata kisingizio: akazibeba mpaka maabara kuzipima. Akakuta hazina. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Ninawatajia kisa hiki wale akina mama ambao waume zao husukuma hoho pembeni ya sahani, ingawa wangu hajapata tuzo yoyote mpaka sasa.

Turudi jikoni. Anayejua kupika nyama ya sambusa amekwisha kujua nusu ya kazi hii. Nunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, iliyochinjwa kisheria, na isagwe mbele ya macho yako. Bucha isiyo na mashine isikuvunje moyo. Chukua kisu kikali, uikate vipande vidogo kama punje za mahindi, na mimi kwa kweli naipendelea hiyo kuliko ya mashine kwa sababu haigandamani. Nyama iliyosagwa huharibika upesi kuliko kipande kizima, hivyo kama huna jokofu ipike saa ile ile uliyofika nayo.

Weka nyama katika sufuria bila mafuta, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vitunguu saumu punje 5 na tangawizi kipande cha kidole, vyote vimetwangwa, na maji ya ndimu moja. Koroga juu ya moto wa wastani mpaka maji yakaribie kukauka. Katika sambusa tunaikausha kabisa. Hapa acha unyevu kidogo, la sivyo wali utakosa maji ya kunywa ukiwa ndani ya hoho. Pembeni, kaanga vitunguu vyekundu vitatu vikubwa katika vijiko vinne vya mafuta ya alizeti, mpaka vilainike na kuanza kuwa vya dhahabu. Tia karoti mbili zilizokwaruzwa, nyanya mbili zilizokatwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyopondwa, nusu kijiko cha pilipili manga na mdalasini kidogo sana. Changanya na nyama. Usiogope wingi wa vitunguu. Kwetu havikosekani, na utamu wao ndio unaoifanya nyama ndogo ijulikane kwamba ipo.

Neno moja juu ya mafuta. Mengi tunayoyatumia mkoani Singida hukamuliwa hapa hapa katika viwanda vidogo, na mashudu yake yakalishwa mifugo. Yale yasiyosafishwa yana harufu nzito na hutoa povu yanapoanza kupata moto. Yape muda mpaka povu litulie kabla ya kutia kitunguu. Wasiozoea huyalaumu mafuta, kumbe ni haraka yao.

Mchele chukua kikombe kimoja na nusu. Uoshe, uuchemshe katika maji mengi yenye chumvi kwa dakika 7 hivi, mpaka punje iwe laini kwa nje na bado ina kiini kigumu ukiitafuna. Chuja maji, uchanganye na nyama na viungo, utie na kotmiri iliyokatwa kama unayo. Onja chumvi sasa, kwa sababu baada ya hapa hutaweza kurekebisha. Jaza hoho kwa kijiko, bila kushindilia, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu kwa ajili ya kuvimba kwa mchele. Kila moja itachukua kama vijiko vikubwa kumi, na nakuomba uvihesabu, hasa ikiwa una mtoto mwenye macho ya kulinganisha. Funika kwa vifuniko vyake.

Rojo ni jambo la dakika chache: kaanga kitunguu kimoja na saumu kidogo, tia nyanya sita zilizosagwa au kupondwa, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, chumvi, kisha yale maji ya hoho vikombe viwili. Lichemke mpaka liive, lakini lisiwe zito. Litazidi kuwa zito lenyewe.

Wengi huniambia kwamba hawawezi kupika chakula hiki kwa kuwa hawana jiko la kuokea. Mimi pia sina. Wazee wetu waliooka mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko hawakuwa nalo. Tafuta sufuria nzito, pana, yenye kina cha kuzifikia hoho zikisimama. Tandaza chini vipande vya kitunguu au viazi vilivyokatwa duara, ili vitako visiungue. Zipange zimebanana, zisipate pa kuangukia. Kama zimebaki pengo, ziba kwa kiazi kizima. Mimina rojo pembeni, lisiingie ndani ya hoho, lifike nusu ya kimo chake. Funika, acha ichemke polepole kwa dakika 35 mpaka 40. Moto ukiwa mkali rojo litaruka na kuungua chini wakati mchele bado mbichi juu. Kisha punguza makaa ya chini, yapalie mengine juu ya mfuniko bapa wa bati, uache dakika 10. Juu patageuka rangi, na vifuniko vya hoho vitapata mikunjo kidogo na harufu ya kuchomwa. Chomeka kisu ubavuni: kikiingia bila kusukumwa, imeiva. Onja na mchele wa hoho iliyo katikati, maana ndiyo ya mwisho kuiva. Ziache zipoe robo saa kabla ya kupakua. Zikipakuliwa za moto huvunjika, na watoto huunguza ulimi.

Ikiwa unapika kwa mkaa, fanya kazi hii nje au mahali penye upepo wa kutosha. Makaa ya juu na ya chini kwa saa nzima katika chumba kilichofungwa ni hatari kwa roho.

Nilipoanza kupika hoho hizi kila wiki mbili, mama mkwe wangu hakufurahi. Hakuwa na neno juu ya utamu. Alikula yake akaimaliza. Alichokilalamikia ni visahani. "Mwanangu," aliniambia siku moja tukichambua mchele, "nyumba hii tangu babu yao tunakula pamoja. Sasa kila mtu na kisahani chake kama wageni wa hotelini. Baraka ya sinia mmeiweka wapi?" Nilikaa kimya, kwa sababu maneno yake yalikuwa na haki. Nami nimelelewa katika sinia, na ninaamini katika baraka ya mikono mingi juu ya chakula kimoja. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona vilevile kinachoweza kujificha ndani ya baraka hiyo tukiwa hatuangalii. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, habari ya binti wa kaka yangu na ile nyama aliyosema haipendi.

Mama hakujibu. Aliendelea kuchambua mchele mpaka ungo ukaisha. Ijumaa iliyofuata, nilipokuwa nikipanga visahani, akaviondoa akavirudisha kabatini. Akachukua sinia kubwa, akaweka wali mweupe kidogo katikati na rojo juu yake, kisha akazipanga hoho ukingoni, moja mbele ya kila mwenye kukaa. Akakaa, akasema kila mtu ale kilicho mbele yake, kama adabu ya kula tuliyofundishwa tangu utotoni, na atakayevuka mpaka atakutana naye. Ndivyo tunavyokula hadi leo. Wali ni wa wote. Hoho ni ya mtu.

Si kila juma nusu kilo hupatikana. Kwa siku hizo, dengu zilizochemshwa zikabaki nzima, zikichanganywa na vitunguu, bizari na mchele, hujaza vizuri na hushibisha. Kuku wa kienyeji, ambao ndio sifa ya Singida kwa wasafiri wa njia kuu, ni mgumu kwa kazi hii mpaka umchemshe sana kwanza; mchambue minofu, na supu yake uitumie badala ya maji katika rojo. Niliwahi kujaribu dagaa, na shemeji yangu aliniomba nisirudie.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mtama, ambao katika mkoa huu wetu wenye msimu mmoja wa mvua umewalisha watu kabla wali haujawa chakula cha kila siku. Chukua mtama uliokobolewa, punje nzima, uuloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji hayo, uuchemshe katika maji mapya mpaka punje ziwe laini lakini hazijapasuka. Huchukua kama saa moja. Tofauti na mchele, mtama uive kabisa kabla ya kujaza, kwani ndani ya hoho hautaongezeka sana. Changanya na nyama ile ile. Punje zake husikika mdomoni, nazo hubeba mchuzi bila kuwa uji, hata hoho iliyobaki ikapashwa kesho yake. Mume wangu husema inamkumbusha ugali wa nyumbani kwao Iramba. Watoto hawasemi kitu, ila hawabakishi.

Katika mwezi wa Ramadhani, hoho zinaweza kukatwa na kujazwa baada ya adhuhuri na kupangwa sufuriani bila moto, mradi nyama ilikwisha kuiva na imepoa, na kama hali ni ya joto kali ziwekwe mahali pa baridi. Washa moto saa moja na nusu kabla ya magharibi. Mpishi anayefunga haonji, basi pima chumvi kwa kijiko wala usipime kwa mazoea. Zikiwa na uji wa mtama na tende, hutahitaji futari nyingine nyingi, na jikoni hutabaki na masufuria saba ya kuosha kabla ya tarawehe.

Mbegu za hoho ya kijani hazifai kupandwa, maana hazijakomaa. Za nyekundu hufaa, ingawa kama mama yake ni chotara huenda mtoto asifanane naye. Binti wa kaka yangu, ambaye sasa ana miaka kumi, ndiye anayetoa mioyo ya hoho siku za kupika, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba na hatoboi vitako. Miezi miwili iliyopita alizikausha mbegu za hoho nyekundu juu ya kipande cha gazeti, akazipanda katika ndoo mbovu nyuma ya nyumba, anazimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele. Miche minne imeota. Ametuambia kila mmoja ni wa nani. Wa kwanza ni wa bibi. Wangu ni ule mdogo ulio karibu na mlango wa jiko.